Uso Nilioufuta

Jumanne, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenikuta njiani bila mwavuli, kwa sababu mpwa wangu alisema redio imesema itanyesha kesho. Nimefika darasani nimelowa chepechepe, kishikwambi nimekikumbatia ndani ya koti kama mtu aliyeiba kuku.

Daktari amenikataza makaa ya kuchorea. Vumbi lake, anasema, limejaa kifuani mwangu tangu ujana, na kila mchoro ninaochora ni kama pakiti ya sigara. Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, ni muuguzi, na ndiye ninayeishi naye. Hakubishana nami. Alinunua kishikwambi pamoja na kalamu yake nyeupe, akanipeleka mwenyewe kujiandikisha. "Mjomba, utachora bila kukohoa. Ukishindwa, utacheza karata humo humo."

Darasa liko ghorofani, juu ya duka la dobi. Chumba kinanuka sabuni na mvuke wa pasi. Mwalimu ni kijana mwenye hereni moja, ambaye sidhani kama amewahi kuchonga makaa kwa kisu. Jirani yangu wa kiti ni fundi cherehani mstaafu, mdomo wake haupumziki. Aliponiona nimekishika kishikwambi kwa ncha za vidole alisema, "Mzoea punda hapandi farasi, mzee mwenzangu."

"Na wewe je?"

"Mimi hata punda sikuwa naye."

Modeli ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa fulana isiyo na mikono na suruali ya kubana ya mazoezi. Kabla ya kupanda jukwaani alitupa sheria yake. Aliweka kiganja shingoni, kama mtu anayepima kina cha maji. "Kuanzia hapa kushuka, chora. Kuanzia hapa kupanda, ni kwangu." Mwalimu akaongeza kwamba asiyekubali mlango uko wazi. Hakuna aliyetoka, na hakuna aliyeuliza sababu. Wenzangu humwita Sanamu, kwa kuwa akishakaa hatikisiki.

Ijumaa, 6 Machi

Mvua. Nimefanya mazoezi ya mistari nyumbani. Yote imekwenda upogo.

Jumanne, 10 Machi

Kuchora juu ya kioo ni kama kuchora juu ya kikaango kilichopakwa mafuta. Kalamu haishiki. Karatasi humkatalia mchoraji kidogo, na katika kule kukataliwa mkono hujifunza adabu. Kioo hakikatai chochote.

Nilifunzwa, katika chuo ambacho nasikia siku hizi ni ghala la saruji, kwamba mwili hupimwa kwa kichwa. Huchori bega kabla hujakijua kichwa. Vichwa saba na nusu toka utosini mpaka kisiginoni, na kila kiungo kina hesabu yake humo. Bila kichwa mkono wangu ni kipofu. Kwa hiyo leo nilianza na kichwa cha Sanamu, na kichwa kikishakuwepo macho huja yenyewe, na pua, na mdomo. Mkono uliozoea hauombi ruhusa. Mwili ulipokamilika nikakifuta.

Mwalimu alinikuta katikati. "Mzee wangu, si tulikubaliana?"

"Ni kipimo tu. Tazama, nakifuta."

"Aa, sawa. Futa, futa."

Kifutio cha humu kinatisha. Makaa hayafutiki, sugua kwa mkate, sugua kwa kitambaa, kivuli hubaki, na fundi mzuri hukitumia kivuli hicho. Humu kioo kilirudi kuwa cheupe kana kwamba hapajawahi kuwa na mtu. Sikukipenda kifutio hicho, lakini nilikiamini.

Jumanne, 17 Machi

Sanamu ana maringo. Wakati wa mapumziko sisi tunakunywa chai, yeye anakaa pembeni na chupa yake ya maji, mgongo ukutani. Nikimsalimu ananijibu kwa kifupi. Leo upepo ulisukuma mlango ukajipiga ukutani, naye, ambaye hajawahi kutikisika, akaruka kutoka jukwaani mpaka kilipo kishubaka cha dirisha. Fundi alicheka. "Kumbe sanamu lina miguu!" Yeye hakucheka. Alirudi, akakaa katika pozi lile lile, kiwiko mahali pake, goti mahali pake. Kwa kazi tu, sina budi kumsifu.

Alhamisi, 19 Machi

Mvua. Dari ya chumba changu imeanza kuwa na doa.

Jumanne, 24 Machi

Nimemkosea kumwita mwenye maringo.

Baada ya darasa mvua ilitufungia chini ya kibaraza cha dobi, wengine wote wamekwisha kwenda. Mwavuli ulikuwa mmoja, wangu. Tulitembea. Njiani akauliza, "Mzee, kwa nini wewe unaanza na kichwa?"

Nikamweleza habari ya kipimo. Alisikiliza vizuri, kama mtu anayenunua kitu.

"Halafu unafuta?"

"Nafuta."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Hakibaki hata kivuli."

Akashusha pumzi. Tulipofika kwenye kona alisema, bila kunitazama, kwamba ana mume, mbali na hapa, na kwamba alitoka kwake akiwa na viatu vya ndani tu. "Siku ya mwisho aliniambia akinipata tena hatanipiga. Kupiga, alisema, ni kwa mtu unayetaka arudi."

Alivyolitamka, kwa sauti ya mtu anayetaja saa, ndivyo lilivyoniingia. Nikampa langu. Nilipotoroka nchi yangu, kaka yangu mkubwa alichukua mkasi akaukata uso wangu katika kila picha ya familia, ili watakaokuja kuuliza wasijue wanamtafuta nani. Mama yetu alililia picha zile kuliko alivyoililia safari.

"Kaka yako alikuwa na akili," alisema Sanamu, akaingia kwenye uchochoro.

Jumanne, 31 Machi

Leo mkono umekubali. Pozi la kukaa, mgongo umepindwa, mguu mmoja chini ya mwingine. Nilianza na kichwa kama kawaida yangu, nikashuka, na mgongo ukaja kwa mstari mmoja usiorudiwa. Kichwa nikakifuta mwishoni. Fundi alisimama nyuma yangu akakosa neno, jambo ambalo si la kawaida. Mwalimu akaomba ruhusa kuiweka kazi hii kwenye ukurasa wa darasa mtandaoni. Sanamu akaja kuitazama: mgongo, magoti, na juu ya shingo weupe mtupu. "Iweke," alisema.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, mvua ikininyeshea, na sikukohoa hata mara moja.

Jumamosi, 4 Aprili

Mto umepanda. Watu wa bondeni wanahamisha magodoro.

Jumanne, 7 Aprili

Mpwa wangu amerudi kutoka zamu anacheka. "Mjomba, umeenea! Hata wodini wanakutazama."

"Wanatazama mchoro?"

"Wanapenda unavyojichora. Hawachoki kuurudia."

Nilidhani ni namna vijana wanavyosifu. Nilimwambia asante, nikanywa dawa yangu. Darasani Sanamu aliniitikia salamu kwa kichwa.

Jumanne, 14 Aprili

Hakuna darasa. Barabara imefurika.

Jumatano, 15 Aprili

Nitaandika kwa utaratibu, jambo moja baada ya jingine.

Leo mchana nilipita kwa dobi kuchukua koti langu. Akalitoa, akalikung'uta, akasema, "Leo asubuhi kaja bwana mmoja hapa, mstaarabu sana. Kaniuliza modeli wa juu anakuja siku gani."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia Jumanne. Kwani ni siri?"

"Amejuaje kama kuna modeli?"

"Si kwenye simu! Alinionyesha ule mchoro wako unaojichora. Mzee, una mkono wewe! Uso ule umempatia mpaka nikashangaa."

"Uso gani?" nilimuuliza.

Alinitazama kama mtu anayetaniwa.

Sikungoja koti. Nilimkuta mpwa wangu amevua viatu, nikamwambia, nionyeshe. Akanionyesha kwenye simu yake. Kwanza kioo cheupe. Kisha umbo la yai, mstari wa macho, nyusi, na ya kushoto imekatika pale ilipo na kovu dogo, maana mimi nikiona kovu nalichora. Pua. Mdomo. Sanamu alikuwa ananitazama kutoka ndani ya simu vile vile alivyonitazama chini ya mwavuli. Kisha mwili ukaota chini yake haraka haraka, kama mmea baada ya mvua, na mwishoni kabisa weupe ukapanda kutoka kidevuni ukamla.

"Mjomba, kwani hukujua?" alisema mpwa wangu. "Kinarekodi kila mstari tangu wa kwanza. Ndicho watu walichokipenda."

Kwenye karatasi, nilichokifuta nimekifuta mimi, na shahidi ni mimi. Hiki nilikipa uso wa mtu kikauhifadhi nyuma yangu, tangu siku ya kwanza, kila Jumanne.

Mwalimu alikuja mbio tulipompigia. Alikuwa ametazama mwisho tu, alisema. Kitufe ni kimoja, mchoro na filamu yake huenda pamoja. Wenzangu hawachori vichwa, filamu zao hazina neno. Aliiondoa palepale, machozi yanamtoka mpaka kwenye hereni. "Lakini kuna watu wameshaichukua, mzee wangu. Siwezi kuifuata kote." Nilikuwa nimemwona mtu wa mapambo. Nilimwambia akae, nikampa maji.

Simu ya Sanamu imezimwa.

Alhamisi, 16 Aprili

Mwalimu anapajua anapofanya kazi Sanamu asubuhi: jikoni mwa shule moja ya bweni. Tulimkuta amezama nusu ndani ya sufuria kubwa, anaisugua. Nilimweleza mimi, kwa kuwa mkono ni wangu. Hakuacha kusugua.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Ukaniambia kweli kabisa."

"Nilijua ni kweli."

"Hicho ndicho kinachonikera, mzee. Ungekuwa mwongo ningekugundua."

Mwalimu akaanza kuomba radhi. Akamnyamazisha kwa mkono wenye mapovu. Aliuliza maswali machache: huyo bwana alikuwa amevaaje, aliongeaje na dobi, aliondoka kuelekea wapi. Kisha akasimama akafikiri, maji yanamchuruzika viwikoni.

"Ni yeye. Waume wengine ukali wao huonekana. Yeye ni mpole kwa kila mtu." Akasema ana mwenzake, dereva wa lori la mboga, anayepita mjini Jumanne mchana, si kabla. Mpaka hapo atajificha mahali ambapo hakututajia. Tatizo ni kupita: kituo, daraja, barabara kuu, huko kote mtu huyo anaweza kuwa amesimama. "Ila Jumanne, saa ya darasa, najua atakuwa wapi. Atakuwa kwenu. Mkae naye."

"Mpaka lini?" aliuliza mwalimu.

"Mpaka mwisho wa kipindi. Hapo nitakuwa nimevuka daraja."

Akarudi kwenye sufuria. Nilipokuwa mlangoni akasema, "Mzee. Na usimchore."

Jumamosi, 18 Aprili

Mpwa wangu alikwenda kituo cha polisi. Askari alimsikiliza kwa upole, akamwuliza mtu huyo amefanya nini. Amemuuliza dobi swali. "Akifanya kitu," alisema askari, "njooni."

Mvua haijakata tangu jana.

Jumanne, 21 Aprili

Yule bwana alikuja mapema kabla ya wote. Nilipopanda ngazi alikuwa amesimama dirishani, mwavuli wake umekunjwa vizuri, viatu vikavu. Mtu wa kimo cha kawaida, mikono safi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Alimwambia mwalimu anataka kujifunza. Mwalimu alimpa kishikwambi cha darasa na kiti karibu na mlango. Wengine wakaja. Fundi nilikuwa nimemweleza jana, na usiku kucha nilijuta, nikijua mdomo wake. Alikaa, akamtazama mgeni, akaanza kusimulia habari ya suruali ya bwana harusi iliyopasuka mbele ya wakwe. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda fundi dakika ile.

Saa ya kuanza ikafika, jukwaa tupu. Mgeni akatazama mlango.

"Modeli atachelewa," nilisema. "Maji yamejaa njiani. Nitakaa mimi mpaka afike."

Nikavua koti, nikapanda. Miaka yote nimewatazama watu waliokaa. Sikujua kukaa kunavyomwacha mtu bila mahali pa kuweka macho. Niliyaweka kwenye doa la rangi ukutani. Mvua ilipiga bati. Kila nyayo zilipolia ngazini kalamu ya mgeni ilisimama. Alikuwa mwanamke wa dobi, akipandisha nguo, akishusha nguo.

"Mzee, usitikise kidevu," alisema fundi. "Nakutia mkunjo wa kola."

"Chora magoti, wewe."

"Magoti yako hayahitaji kuchorwa, yanahitaji kuzikwa."

Watu wakacheka. Mgeni naye alicheka, kwa adabu, akichelewa kidogo nyuma ya wengine.

Wakati wa chai alinisogelea, akanishikia kikombe nilipokuwa nikishuka. "Wewe ndiye fundi wa ule uso."

"Uso hutoka kichwani mwangu," nilimwambia. "Ni mazoea ya uzee. Nikianza kuchora huja sura za watu wa zamani."

"Hapana, mzee. Usijipunguzie." Alisema kwa upole, kama anayemtetea mtu aliyesingiziwa. "Ulimtazama vizuri. Hata kovu la nyusi umelitia mahali pake. Lile nalifahamu, nililiweka mimi."

Kikombe kilikuwa bado mkononi mwake. Nilikipokea. Chai haikumwagika, na hilo nalitaja kwa sababu ndilo jambo pekee la siku ile ninaloweza kujisifia.

"Barabara ikipungua maji atafika," nilisema.

"Nina subira."

Kipindi cha pili kilikuwa kirefu. Ganzi ilinipanda kutoka unyayoni mpaka kiunoni, kikohozi kikanijaa, nami nikakimeza, kwa hofu ya kijinga kwamba nikikohoa atasimama. Nilimfikiria dereva wa lori, ambaye simjui, na mboga zake. Niliomba, mimi ambaye siombi sana, kwamba injini yake isiwe ya yale malori yanayosukumwa.

Mgeni alisimama kabla ya mwisho. Akapiga hatua kuelekea mlangoni, na fundi, kwa sauti ile ile ya utani, lakini amekwisha kuegemea mlango, akasema, "Kaa bwana! Ndiyo kwanza tunafika visiginoni."

"Haji," alisema mgeni. Alikuwa ananitazama mimi. "Sivyo, mzee?"

Nje, kengele ya shule ya jirani ikalia, na kipindi chetu huishia hapo hapo.

"Haji," nilisema.

Nilitegemea hasira. Alitabasamu, akageuza kishikwambi nione. Hakujua kuchora. Lakini hakuwa amechora mkono wala mguu. Kwa saa zote zile alikuwa amechora uso wangu tu, akiurudia na kuurudia mmoja juu ya mwingine, mpaka ukaanza kufanana.

"Nimejifunza kitu leo," alisema. "Asante, walimu." Fundi akampisha.

Alhamisi, 23 Aprili

Hakuna habari ya lori. Hakuna habari yoyote.

Mpwa wangu anataka tuhame. Amekwisha kuanza kukunja mashuka. Nimemwambia nimehama mara nyingi katika maisha yangu na kila mara niliambiwa ni kwa muda. Akasema, "Mjomba, sikuulizi." Ana sauti ya dada yangu akikasirika.

Jumapili, 26 Aprili

Nimemwona yule mgeni mbele ya duka la mikate. Ameniamkia.

Jumanne, 28 Aprili

Darasa limefungwa mpaka mwalimu apate chumba kingine. Fundi alinisindikiza mpaka mlangoni kwetu, nusu njia akinitania, nusu njia akitazama nyuma. Nimerudia karatasi na penseli. Sichori watu. Nachora sufuria.

Jumatatu, 4 Mei

Mvua imekoma. Barabara imebaki na tope linalopasuka kama sahani.

Jumanne, 5 Mei

Simu imelia mchana huu, namba nisiyoijua. Nilikuwa nimesimama dirishani.

"Mzee. Bado uko?"

"Niko." Sikulitaja jina lake, hata lile la utani. "Usiniambie uko wapi."

"Sikuwa na nia hiyo. Alikuja?"

"Alikuja. Alikaa mpaka mwisho."

"Nilivuka," alisema. Nyuma yake niliwasikia watu wakipakua kitu, wakihesabiana kwa sauti. Kisha akasema, "Nimekupigia nikuambie sijakusamehe. Usije ukadhani ule ukaaji wako umelipa."

"Sijadhani."

"Vizuri. Unakunywa dawa zako?"

"Nakunywa."

"Haya." Akakata.

Ndipo nikamwona yule bwana. Alikuwa ng'ambo ya barabara, chini ya kibaraza cha duka la vioo, mwavuli mkononi ingawa jua linawaka. Alikuwa anaitazama simu sikioni mwangu. Sijui alikuwa hapo tangu lini, wala kama alinisoma uso wakati nikimsikiliza Sanamu.

Sikuishusha. Nilicheka, kwa sauti ya kutosha kufika ng'ambo. Nikaegemea fremu ya dirisha kama mzee aliyepigiwa simu na ndugu mwenye maneno mengi, nikaiuliza simu iliyokufa watoto hawajambo, na yule mdogo ameota meno, na mbuzi wamezaa wangapi. Nikanyamaza, nikaitikia, nikasema, "Acha wee!" Nikacheka tena. Mkono umechoka, nimehamishia sikio la pili, na sasa naandika haya kwa mkono ule mwingine, juu ya ubao wa dirisha, kama mtu anayeandika maagizo ya ndugu. Yeye bado amesimama. Nami bado nina ndugu wengi wa kuwauliza hali.